Kabla Mtambo Haujaumeza

Ukishika ukurasa halisi wa hadithi ya picha ya Kimarekani wa miaka ya 1950, mara nyingi utakuta mistari ya wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Rangi zilitiwa baadaye na watu wengine. Shika wa Ron Embleton, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1930, nawe umeshika picha ya rangi iliyokwisha: anga, vumbi, jasho linalong'aa begani.

Tofauti hiyo haikuwa ya vipaji. Ilikuwa ya mitambo. Majarida ya watoto ya Uingereza kama Eagle, na baadaye TV Century 21 ambamo Embleton alichora hadithi ya Stingray, yalichapwa kwa fotogravia. Huo ni mtambo wenye silinda ya shaba iliyotobolewa vishimo vidogo mno. Kishimo chenye kina hubeba wino mwingi na kutoa kivuli kizito. Kisicho na kina hutoa rangi hafifu. Mtambo wa namna hiyo unaweza kufuata rangi inavyofifia polepole kutoka gizani hadi kwenye mwanga, basi mchoraji akapata sababu ya kupaka. Lakini karatasi ya gazeti hunyonya, na mengi yalipotelea humo. Ndiyo maana wanaokusanya picha hizi hutaka ile asilia.

Embleton alianza kuchora Wulf the Briton katika Express Weekly mwaka 1957: Mbritania wa kale anayepambana na Warumi. Miaka mingi baadaye alihamia upande wa pili, akawachora askari wa Kirumi waliolinda Ukuta wa Hadrian, kaskazini mwa Uingereza, kwa ajili ya vitabu vya historia. Hapo ndipo kazi hizi mbili zinapoachana. Katika hadithi ya picha, deraya ikimkaa shujaa vizuri, inatosha. Katika kitabu cha historia, kila kifungo kinadaiwa ushahidi. Mwaka 1964 wachimbuaji walifukua sanduku huko Corbridge, karibu na ukuta huo, likiwa na vipande vya deraya, na hapo ikaeleweka jinsi mabamba ya chuma yalivyoshikamanishwa kwa mikanda ya ngozi kwa ndani. Kabla ya hapo wachoraji waliegemea sana sanamu za Nguzo ya Trajan huko Roma, na mchonga mawe naye alikuwa na mapendeleo yake.

Ukiitazama picha asilia, iinamishe kwenye mwanga wa pembeni. Guashi nyeupe, yaani rangi nzito ya maji, huinuka kidogo juu ya karatasi: hapo ni ncha ya mkuki, au kosa lililofunikwa. Madoa ya hudhurungi yenye umbo la yai ni gundi. Maneno ya wahusika yalibandikwa hapo, yakabanduka. Mimi huyapenda madoa hayo kuliko saini, kwa kuwa saini hughushiwa kwa urahisi.

Adui ni jua. Wachoraji wengi wa zama hizo walichanganya guashi na wino wa rangi, na wino huo hupauka haraka ukipigwa na mwanga. Zambarau na waridi hutangulia. Mwombe muuzaji aitoe picha kwenye fremu. Ule ukanda mwembamba uliofichwa na ukingo ndio utakaokuonyesha anga ilikuwa rangi gani.