Chupa ya Dozi 10

Chanjo ya surua na rubela hufika zahanati ikiwa ungaunga mkavu ndani ya chupa ndogo ya watoto 10. Muuguzi akishautia maji yake, ana saa 6, kinachobaki hutupwa. Sasa mfikirie muuguzi wa Mbeere, kule chini kwenye joto la Embu, aliyeletewa mtoto mmoja tu tangu asubuhi. Akifungua, huenda akamwaga dozi 9. Shirika la Afya Duniani linashauri afungue tu. Lakini ana hesabu ya kutoa kwa wakubwa wake, basi anamwambia mama: "Rudi Alhamisi." Mama kalipa bodaboda, kaacha mbuzi na shamba. Alhamisi hiyo huenda asionekane.

Habari kama hiyo haiandikwi gazetini. Kinachoandikwa ni Kavonokia, dhehebu lenye waumini Tharaka, Mbeere na pande za Meru, ambao hawaendi hospitali. Mgonjwa wao huombewa. Polisi na machifu wamewahi kuingilia kati ili watoto wao wachanjwe. Nao Wakatoliki hawajasahau mwaka 2014, maaskofu wao nchini Kenya walipodai kwamba chanjo ya pepopunda ilikuwa na homoni ya kuharibu uzazi. Serikali ilikana, lakini muumini wa Nkubu, kule Meru, ambako hospitali kubwa ni ya Kanisa hilohilo, amwamini nani?

Kwa surua, sababu ya mtoto kukosa chanjo si kitu. Mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, ndiyo maana hutakiwa takriban watoto 95 kati ya 100 wawe wamekingwa. Tena wastani wa kaunti hudanganya. Wasiochanjwa wakitawanyika, kirusi hukosa pa kukanyaga; wakiwa wanasali pamoja na kucheza pamoja, hata wakiwa wachache, kimepata makao.

Mimi nguvu za polisi sizioni zikifika mbali. Dozi ya kwanza hutolewa katika umri wa miezi 9, kinga aliyorithi mtoto kwa mama inapokuwa imefifia. Ya pili, miezi 18. Askari anaweza kusimama mlangoni siku moja. Miezi 9 baadaye, anayejua mtoto huyo analala wapi ni mhamasishaji wa afya wa kijiji, jirani anayeingia kwao bila kubisha sana, naye atahitaji kukuta chupa iko tayari kufunguliwa.