Fahamu: Kwa nini Gmail na Outlook hukataa barua pepe za seva ndogo

Seva binafsi ya barua pepe ni ile ambayo mtu, chuo au kampuni ndogo huiendesha yenyewe, bila kutegemea Google, Microsoft au Yahoo. Ni halali kabisa. Ila barua zake mara nyingi hurudishwa, au huishia kwenye folda ya barua taka pasipo mtumaji kujua.

Chanzo

Itifaki ya SMTP, inayotumika kutuma barua pepe na iliyochapishwa mwaka 1982, haikuwa na njia ya kuthibitisha mtumaji. Matapeli wakaneemeka. Baadaye zikaja SPF, DKIM na DMARC, mbinu za kuthibitisha kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa kinachotajwa.

Masharti ya 2024

Tangu Februari 2024, anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anatakiwa kuwa na zote tatu. Mtumaji mdogo anatakiwa kuwa na SPF au DKIM, pamoja na rekodi ya PTR, inayounganisha anwani ya IP (namba ya seva mtandaoni) na jina la seva. Yahoo ilitangaza masharti yanayofanana.

Mbona aliyetimiza yote bado huzuiwa?

Kwa sababu ya sifa ya anwani ya IP. Seva ndogo nyingi hukodishwa, na mpangaji mwingine mwenye anwani ya jirani akituma utapeli, kundi zima la anwani laweza kufungiwa. Asiyetuma barua nyingi hana hata historia ya kumtetea. Hapa malalamiko ya wenye seva ndogo dhidi ya kampuni kubwa yana uzito, maana vigezo kamili vya sifa hiyo havitangazwi.

Ukisubiri barua kutoka ofisi ndogo, pekua folda ya taka. Ukiikuta humo, iwekee alama kuwa si taka.