Kichaka Ambacho Mbuzi Hataki

Mtu aliyejenga Mwanhuzi, wilayani Meatu, akishapiga rangi na kuweka geti, huanza kuulizia maua ya mbele ya nyumba. Anataka kitu kisichompa kazi: kisidai maji kila jioni, kisipogolewe kila wiki, na kisife akienda Mwanza kwa mwezi mzima. Ni ombi la haki. Linaloharibu mambo ni swali linalofuata, "ua gani ni zuri?" Meatu kichaka hakichaguliwi kwa ua. Huchaguliwa kwa kiangazi, udongo na mbuzi wa jirani.

Wilaya hii iko upande mkavu wa Usukuma. Mvua huanza mnamo Novemba, hulegea Januari au Februari, kisha hurudi na kukata Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba mbingu zimefungwa, na visima vingi hutoa maji yenye chumvi. Kichaka kinachotaka ndoo kila siku kinagombania maji na jiko. Wakati huohuo mavuno yameisha, mifugo imeachiwa mashamba, na tuta lako la maua ndilo kitu pekee cha kijani mtaa mzima. Mbuzi hahitaji kualikwa.

Mmea unaoishi katika hali hiyo bila mlinzi lazima ujilinde wenyewe, na silaha zake zinajulikana: utomvu, mwiba, au harufu kali. Karibu kila kichaka kisicho na kazi nyingi katika nchi kavu kina mojawapo. Kwa hiyo unachochagua hasa ni silaha ambayo wewe na watoto wako mnaweza kuishi nayo. Sumu inayomfukuza mbuzi haijui tofauti kati ya mbuzi na mtoto wa miaka mitatu.

Mnyaa ndio mfano wa zamani kuliko yote. Wasukuma wameuzungushia kaya na maboma yao kwa vizazi, na sababu zinaonekana: unakata tawi, unaliacha kivulini siku chache jeraha likauke, unalichomeka ardhini, basi. Shina lake la kijani hufanya kazi ya jani, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku jua likiwa limezama, ndiyo maana haupotezi maji mengi. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya na unaweza kumpofusha mtu. Tena mnyaa haubaki kichaka kwa hiari. Ukiuacha unakuwa mti unaopita paa. Mimi ningeupanda kwenye mpaka wa kiwanja, nyuma, na kuupogolea nimevaa miwani. Mbele ya baraza wanapochezea watoto, hapana.

Mbono kaburi nao hauliwi na mbuzi, huota kwa kipandikizi, na hustahimili ukame kwa kupukutisha majani. Tatizo lake ni mbegu. Zina ladha nzuri mdomoni, watoto huzila kama karanga, na baadaye ni kutapika na kuharisha. Nyumba ya wazee watupu inaweza kuwa nao.

Katika kundi hili la utomvu, ninalolipenda ni adeniamu, linaloitwa pia waridi la jangwani. Ni mmea wa nchi kavu za Afrika Mashariki, una shina nene lililojaa maji, na huchanua maua ya waridi hata wakati hauna jani hata moja. Uoteshe kwa mbegu ukitaka shina livimbe vizuri. Kipandikizi huota lakini tumbo lake huwa dogo. Nalo lina sumu ya moyo. Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi upande wa mashariki wa Meatu kuelekea Ziwa Eyasi, hupika sumu ya mishale kwa utomvu wa mmea wa jenasi hiyohiyo. Sisemi hivyo kumtisha mtu. Adeniamu halirushi utomvu wake. Halina budi kukatwa au kutafunwa kwanza. Lipande palipoinuka, nawa mikono baada ya kulipogolea, na usichome matawi yake jikoni.

Kwa wenye watoto wadogo, silaha nzuri zaidi ni mwiba, na hapo bogenvilia haina mpinzani. Asili yake ni Brazil, na jina limetokana na baharia Mfaransa Louis Antoine de Bougainville, aliyezunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Zile rangi za zambarau na chungwa ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe katikati yake. Jambo ambalo wengi hawaamini mpaka waone ni kwamba bogenvilia hupendeza zaidi ikibaniwa maji. Imwagilie na kuijaza samadi kila mara, itakupa majani tele na rangi kiduchu. Iache ikauke kidogo, ichanue, kisha ikate rangi zinapopukutika, maana maua yajayo hubebwa na machipukizi mapya. Kipandikizi cha unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, kinatosha kuanzia. Acha mita moja na nusu hadi mbili kati ya shina na shina, na usiisogeze karibu na njia ya pikipiki. Matawi yaliyokatwa yakusanye yote siku hiyohiyo, au utalipia pancha za watu.

Vyenye harufu ni kivumbasi na rozimeri. Vichaka hivi vifupi vinafaa ukingoni mwa tuta, na majani yake yana kazi jikoni au dhidi ya mbu. Mshubiri hauna harufu, una uchungu wake. Hujaza nafasi kwa machipukizi bila kuombwa. Usiende kuuchimba porini. Nunua wa kitaluni.

Sasa udongo, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wakulima wa Kisukuma hawasemi tu "udongo". Wana luseni, ule wa kichanga, wana mbuga, ule mweusi mzito, na wana ibambasi, ule mgumu wenye magadi. Aina zote tatu unaweza kuzikuta katika mteremko mmoja. Jaribio ni rahisi: chimba shimo la sentimita 40, lijaze maji, yakinywewa lijaze tena uone. Kama asubuhi ya pili maji bado yapo, uko kwenye mbuga au ibambasi. Mizizi ya adeniamu, mshubiri na rozimeri huoza hapo katika wiki za mvua, kisha mwenye nyumba husema ukame umeiua. Inua tuta sentimita 30 kwa mchanga na kokoto, au panda bogenvilia, ambayo huvumilia zaidi, na hata hiyo usiiweke bondeni maji yanapotuama. Luseni haina tabu hiyo. Inataka tu samadi iliyooza vizuri, na samadi Usukuma haijawahi kuwa adimu.

Haibiskasi, lile ua jekundu la hotelini, watu hulitaka sana. Katika mkoa wa pamba nalipinga. Haibiskasi na pamba ni ukoo mmoja, na kangambili na vidukari hawabagui ndugu. Utakuwa unawatunzia wadudu makazi msimu wote. Hivyohivyo usitandaze mabua ya pamba kwenye tuta. Kanuni za zao hilo zinataka yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno. Matandazo ya changarawe ni bora zaidi Meatu, kwa kuwa mchwa hawali mawe. Lantana nayo, hata upewe bure, iache: ndege hubeba mbegu zake hadi malishoni, na ng'ombe akiila sana huugua ini.

Kuna chaguo jingine ambalo halina bei, nalo ni kile kilichokuwepo kiwanjani kabla yako. Mwaka 1986, Meatu ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ilianza programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Kilicholeta mafanikio makubwa ni kufufua ngitili, maeneo yanayofungwa mifugo isiingie ili majani na vichaka vipone. Katika sehemu nyingi haikuhitajika hata kupanda: visiki na mizizi vilikuwa hai chini ya ardhi, vikisubiri kuachwa. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Halafu sisi tunaleta katapila, tunakwangua kiwanja hadi kiwe cheupe, kisha tunanunua miche. Kabla ya katapila, zunguka na mtu mzima wa eneo hilo akuonyeshe visiki vya kuacha. Kisiki kilichozoea udongo huo hakihitaji dumu lako.

Mche wa kununua, hata ule mkaidi kuliko yote, unahitaji kusaidiwa kiangazi cha kwanza. Upande mvua za Novemba zikishakolea, ili mizizi ipate miezi ya kushuka kabla ya Juni. Kisha zika nusu ya chupa ya lita moja na nusu, iliyotobolewa kizibo, kichwa chini karibu na shina, na uijaze mara moja kwa wiki. Maji ya kisima chenye chumvi yaepuke hasa kwenye ibambasi. Mwaka wa pili chupa unaiondoa.

Ukienda kitaluni, usianze na rangi ya ua. Kata jani, uone kama linatoa maziwa. Uliza mmea unafikia urefu gani ukiachwa. Kisha muulize muuzaji kama mbuzi wake mwenyewe wanaula, na umsikilize kwa makini akisita kujibu.