Je, Wajua? Viunzi Saba, Miezi Minne na Nusu

Je, wajua kwamba pambano la dakika chache katika filamu ya *Jason and the Argonauts* (1963) lilimchukua mtu mmoja takriban miezi minne na nusu kulitengeneza?

Mtu huyo ni Ray Harryhausen, Mmarekani aliyekwisha kumleta Sinbad, baharia wa Alfu Lela Ulela, kwenye sinema mwaka 1958. Viunzi saba vya mifupa vinavyopigana kwa panga na wanaume watatu katika pambano hilo vilikuwa sanamu ndogo zenye viungo vya kukunjika. Alisogeza mkono kidogo, mguu kidogo, kichwa kidogo, akapiga picha moja, kisha akaanza upya. Sekunde moja ya filamu huhitaji picha 24. Waigizaji walikwisha kurekodiwa wakikata hewa tupu, kwa hiyo kila pigo la kiunzi lilipaswa kulingana na lao.

Leo kompyuta huunda majeshi mazima, lakini viunzi vile bado vinasisimua, kwa sababu kila hatua yao imepita mkononi mwa binadamu. Watengenezaji wa *Monsters, Inc.* (2001) walimuenzi Harryhausen kwa kuuita mgahawa mmoja wa filamu hiyo Harryhausen's. Ukipata nafasi, tazama *Jason and the Argonauts* na watoto.