Kabla hujatuma M-Pesa ya sarafu ya kale

Uko zako Nkubu, maduka yamefungwa, unapekua Facebook kabla ya kulala. Ghafla tangazo: senti kumi ya 1936, ile yenye shimo katikati, jina la mfalme Edward VIII. "Adimu sana. Sh4,500. Tuma pesa leo, kesho mzigo uko stejini." Unauliza Google, unaambiwa sarafu za mfalme huyo za Uingereza huuzwa kwa mamilioni. Kidole kinaanza kuwasha, na hiyo pesa ni ya kodi ya nyumba.

Hebu tulia. Edward VIII alitawala chini ya mwaka mmoja, akajiuzulu Desemba 1936 kabla hata ya kutawazwa. Uingereza haikutoa sarafu zenye sura yake zitumike madukani, ndiyo maana zile chache zilizopo ni ghali kupindukia. Lakini senti za shimo za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mtu, jina tu. Kwa hivyo zilitengenezwa kwa mamilioni, zikatumika hadi zikachakaa mifukoni mwa babu zetu. Leo hii huuzwa kwa dola chache. Sarafu yenyewe ni halali kabisa, uongo uko kwenye bei. Na ukichomwa hivyo utamshtaki nani? Uliletewa ulichoagiza.

Sasa, bei utaijuaje? Usiangalie wanaouza wanaitisha ngapi. Mtu anaweza kuitisha hata milioni. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchuja vitu ambavyo tayari vimeuzwa. Hapo ndipo utaona mtu alilipa ngapi kwa kweli.

Mwaka nao husema mengi. Chukua shilingi ya zamani yenye simba. Za kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na robo tu ya madini ya fedha. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Kwa hivyo anayekuuzia shilingi ya 1949 akisema "ni silva tupu" hajui kazi yake, ama anaijua vizuri mno.

Ukishatosheka na bei, itisha picha mpya. Si ile ya tangazo, hiyo yaweza kuwa imeibwa Ulaya. Ipitishe Google Lens uone kama iko kwingine. Mwambie aweke sarafu juu ya karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo, apige pande zote mbili na ukingo, kisha aiweke kwenye mizani. Ile shilingi ya simba ina takriban gramu 7.8. Muuzaji wa kweli atanung'unika kidogo lakini atatuma. Yule mwingine atakwambia kuna mteja Embu ameshika pesa mkononi. Mwache huyo wa Embu ainunue.

Uangalifu uongeze maradufu kwa dhahabu. Ile rupia 15 yenye ndovu, ambayo Wajerumani waliitengeneza Tabora mwaka 1916 wakiwa wamezingirwa na vita, imeigwa sana. Kama imefungwa kwenye kasha la plastiki la NGC au PCGS, ingiza namba yake kwenye tovuti yao ulinganishe na picha. Hata makasha huigwa, bana.

Kuhusu malipo, omba kulipa ukipokea. Kama muuzaji yuko Nairobi na una ndugu au rafiki huko, afadhali aende aishike kwanza, kisha aikabidhi matatu za Meru pale Tea Room. Huduma ya kurudisha pesa ya M-Pesa iliwekwa kwa aliyekosea namba, si kwa aliyetuma kwa hiari yake kisha akajuta.

Na ikifika Nkubu salama, tafadhali weka ndimu na jivu mbali. Wakusanyaji hulipia ule weusi wa miaka. Ukiisugua ing'ae, bei inashuka hapo hapo.