Kuota Moto Katika Mji Uliohamwa

Msomaji, huenda ukastaajabu kuambiwa kuwa yuko kijana wa mtaa wa Kaloleni, mjini Kisumu, mtu wa swala tano, ambaye kila baada ya Isha huingia katika mji uliokufa, naye hutoka humo uso umekunjuka.

Mji wenyewe ni Pripyat, huko Ukraine, uliohamwa siku ya pili baada ya mtambo wa nuklia wa Chernobyl kulipuka tarehe 26 Aprili 1986. Mafundi wa Ukraine waliutungia mchezo wa kompyuta, S.T.A.L.K.E.R., uliotoka Machi 2007. Wachezaji nao hawakutosheka; waliufumua wakaushona upya kwa marekebisho yao wenyewe, yaitwayo modi. Mojawapo, Anomaly, hugawiwa bure, na hata kompyuta kuukuu huimudu. Hilo si dogo kwa mnunuzi wa mtumba.

Ndani yake ni balaa tupu: mbwa vipofu, mionzi, mkate wa kuokota. Hata pombe kali ya Kirusi humo ni dawa ya mionzi, laa haula! Lakini sheria za dunia hiyo zimeandikwa katika faili za maandishi ya kawaida. Ajuaye hufungua, akabadili tarakimu, njaa ikapungua au risasi zikaadimika. Kijana wetu ameivua ile pombe nguvu zake. Anatumia dawa za hospitali.

Basi mtazame. Alikuwa mtoto maduka ya barabara ya Oginga Odinga yalipoporwa na kuchomwa moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2020 ziwa lilifura, likawafurusha watu ufukoni Dunga. Kwa hayo hapakuwa na faili la kufungua. Mchezoni, mbingu ikitaka kugeuka nyekundu, watu huonywa kwanza, na awahiye kujificha husalimika.

Wako watakaosema huku ni kukizoea Kiyama. Mimi sikubali. Kiyama tulichosomeshwa chuoni ni kila mtu na nafsi yake. Humu watu huuzunguka moto, mmoja akapiga gitaa, wengine wakapiga soga.

“Mzee, siku nyingine sipigani kabisa,” aliniambia. “Nakaa tu pale motoni, nasikiliza mvua.”

Saa nne mamake hubisha mlango kwa ajili ya Alfajiri, naye huuzima.