Ganda la Kirusi Lina Kiasi Chake cha Ugumu

Kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo kinaweza kukausha maziwa ya boma zima kwa siku chache, lakini chenyewe ni dhaifu ajabu: tindikali kidogo tu, pH ikishuka chini ya 6.5 hivi, hukivunja vipande. Ushahidi uko kwenye nyama. Ng'ombe akishachinjwa, misuli yake hutoa tindikali inapokakamaa, na pH ikishuka chini ya 6 virusi vilivyomo kwenye mnofu huangamia. Vilivyo kwenye uboho na tezi husalimika, kwa sababu huko tindikali haifiki kiwango hicho. Ndiyo maana Botswana huuza Ulaya nyama iliyokwisha kukomaa na kutolewa mifupa. Wengi wataona udhaifu huu ni kasoro ya kirusi. Mimi naona ni kipimo: ganda limeshikiliwa kwa kiasi maalumu, na anayejua linashikiliwa wapi anaweza kutengeneza chanjo inayovumilia joto letu.

Kirusi hiki hakina utando wa mafuta kama ule wa korona. Kinga yake ni ganda la protini pekee, lenye upana wa takriban sehemu 30 za milioni za milimita moja. Limejengwa kwa protini nne, kila moja nakala 60. Protini hizo hujikusanya kwanza kuwa vipande 12 vya pembe tano, kisha vipande hivyo hushikana ukingo kwa ukingo kuuzunguka uzi wa RNA wenye maelekezo ya kuzaliana. Ndani ya kila kipande mshiko ni imara. Ulegevu uko kwenye maungio ya kipande na kipande, palipo na histidini, aina mojawapo ya asidi amino. Pasipo tindikali histidini hutulia. Tindikali ikizidi hubeba chaji chanya, na chaji hiyo husukumana na chaji chanya iliyo ng'ambo ya ungio. Maungio huachia, vipande hutawanyika, RNA hubaki wazi.

Je, kirusi chenye ganda gumu zaidi si kingefaidika? Nje ya mwili, ndiyo. Lakini seli ya mnyama ikikimeza hukitia ndani ya kifuko ambacho huongezwa tindikali, na hapo ndipo ganda linapopaswa kufunguka. Likigoma, RNA haitoki na kirusi hakizaliani. Kiasi hicho cha ugumu hutofautiana: kirusi cha polio, cha ukoo huohuo, hakina budi kupita tumboni, hivyo ganda lake huhimili tindikali na husubiri mpaka lishikane na kipokezi cha seli ndipo lianze kufunguka. Kirusi cha lambda, kinachoshambulia bakteria, hujaza DNA nyingi kichwani, yaani ndani ya ganda lake, mpaka kinahitaji protini ya ziada, gpD, inayolibana ganda kwa nje. Ikikosekana, kichwa kilichojaa hupasuka.

Chanjo haina haja ya kufunguka, na hapo ndipo elimu hii inapomfaa mfugaji. Chanjo za kawaida ni virusi vilivyouawa kwa kemikali, na huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Joto likilivunja ganda, mwili wa ng'ombe hutoa kingamwili hafifu, kwa kuwa kinachoamsha kinga vizuri ni ganda zima. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walitangaza ganda tupu lisilo na RNA, ambalo histidini moja kwenye ungio ilibadilishwa kuwa sisteini, asidi amino nyingine. Sisteini mbili zinazotazamana hufungamana kwa salfa, na ganda hilo lilistahimili nyuzi 56 kwa saa mbili.

Anayehofia kwamba tunakiimarisha kirusi akumbuke kuwa ganda tupu halina cha kuzaliana nacho. Anayesema tununue majokofu zaidi ana haki, ila jokofu halimfuati ng'ombe malishoni. Pingamizi zito ni jingine: Afrika Mashariki ina aina za O, A, SAT 1 na SAT 2, na chanjo ya moja haimkingi mnyama dhidi ya nyingine. SAT 2 ni miongoni mwa zenye ganda legevu zaidi, kwa hiyo kila aina inadai marekebisho yake. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba maungio ya O na SAT 2 nayo yanaweza kukazwa, kwa kubadili asidi amino walizozichagua kwanza kwa hesabu za kompyuta.